Orodha zenye aina katika Coq

Orodha yenye aina ni mfuatano wa vitu ambavyo vyote ni vya aina moja, kwa mfano namba peke yake au maneno peke yake. Makala hii inaeleza jinsi orodha hizo zinavyofafanuliwa katika Coq, lugha ya kompyuta inayotumika kuandika programu na pia kuthibitisha kwamba programu hizo, au hoja za hisabati, ni sahihi.

== Historia ==
Coq ilianza kutengenezwa mwaka 1984 nchini Ufaransa na Thierry Coquand na Gérard Huet katika taasisi ya INRIA. Baadaye Christine Paulin-Mohring aliiongezea aina za induktivu, yaani aina ambazo vitu vyake hujengwa hatua kwa hatua. Orodha ni mojawapo. Tangu mwaka 2025 lugha hii inaitwa Rocq.

== Ufafanuzi ==
Maktaba ya Coq ina orodha tayari, lakini mtumiaji anaweza kuifafanua mwenyewe kwa majina anayoyapenda. Hapa majina ni ya Kiswahili. Maneno ''Inductive'' na ''Type'' ni ya lugha yenyewe:

 Inductive orodha (A : Type) : Type :=
 | tupu : orodha A
 | ongeza : A -> orodha A -> orodha A.

Herufi A inasimama badala ya aina yoyote. Mstari wa pili unasema kwamba kuna orodha isiyo na kitu. Mstari wa tatu unasema kwamba ukiweka kitu cha aina A mbele ya orodha ya A, unapata orodha nyingine ya A. Hakuna njia nyingine ya kujenga orodha.

Tuchukue alama za wanafunzi watatu, yaani 54, 71 na 63. Zinaandikwa hivi:

 ongeza nat 54 (ongeza nat 71 (ongeza nat 63 (tupu nat)))

Neno ''nat'' ni aina ya namba nzima kuanzia 0. Mtu akiingiza jina la mwanafunzi mahali pa alama, Coq hulikataa kabla programu haijaendeshwa hata mara moja.

== Uthibitisho ==
Kwa kuwa orodha hujengwa kwa njia mbili tu, jambo linalohusu orodha zote huthibitishwa kwa hatua mbili. Kwanza, tunaonyesha kwamba ni kweli kwa orodha tupu. Pili, tunaonyesha kwamba likiwa kweli kwa orodha fulani, linabaki kweli orodha hiyo ikiongezewa kitu kimoja. Hii ni induksheni, na Coq huunda kanuni yake yenyewe mara inapokubali ufafanuzi. Kwa njia hii inathibitishwa, kwa mfano, kwamba urefu wa orodha mbili zilizounganishwa ni jumla ya urefu wa kila moja. Kujaribu orodha milioni moja kungeonyesha tu kwamba kosa halijaonekana bado. Hatua hizi mbili zinahusu orodha zote.

== Tatizo la orodha tupu ==
Kitu cha kwanza cha orodha tupu ni kipi? Katika lugha nyingi swali hili husimamisha programu ikiwa tayari mikononi mwa mtumiaji. Coq haikubali funksheni inayokosa jibu. Ndiyo maana katika maktaba yake funksheni ''hd'' hudai ipewe jibu la akiba, na ''hd_error'' inaweza kujibu kwamba hakuna kitu.

Njia nyingine ni kuuweka urefu ndani ya aina yenyewe:

 Inductive vekta (A : Type) : nat -> Type :=
 | vtupu : vekta A 0
 | vongeza : forall n, A -> vekta A n -> vekta A (S n).

Hapa ''S n'' ni namba inayofuata n. Funksheni inayodai ''vekta A (S n)'' haiwezi kamwe kupewa vekta tupu.

Usalama huu una gharama. Coq huona mara moja kwamba 0 + n ni n, kwa sababu kujumlisha kumefafanuliwa kwa kufuata namba ya kwanza. Lakini kwamba n + 0 ni n lazima kuthibitishwe kwa induksheni. Kwa hiyo kuunganisha vekta na vekta tupu huleta aina ambayo Coq haioni kuwa ileile mpaka ipewe uthibitisho. Kwa sababu hiyo watumiaji wengi hubaki na orodha ya kawaida, kisha huthibitisha urefu wake kando.