Je, Wajua? Ulimi wa Paka Una Vijiko

Ulimi wa paka umejaa mamia ya vijimwiba vigumu, na kila kimoja kina mfereji mdogo nchani, mithili ya kijiko. Vijiko hivyo huchota mate kinywani na kuyafikisha kwenye ngozi, chini kabisa ya manyoya. Simba naye anavyo.

• Mate hayo hayasafishi tu. Yanapokauka huupoza mwili, kwa kuwa paka hutoka jasho hasa kwenye nyayo. Paka mwenye afya anaweza kutumia hadi robo ya muda anaokuwa macho akijilamba. Akiacha ghafla, huenda anaumwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

• Vijimwiba vyote vimeelekea kooni. Nywele zinazonaswa humezwa. Nyingi hutoka na kinyesi, lakini nyingine hujiviringa tumboni mpaka azitapike. Mchane mara kwa mara, hasa akiwa na manyoya marefu. Kila nywele inayobaki kwenye kitana ni nywele asiyoimeza.

• Kinachogusa manyoya huishia tumboni. Baadhi ya dawa za kuua viroboto wa mbwa zina kemikali iitwayo pamethrini. Mbwa huistahimili, lakini ini la paka huivunja polepole mno. Paka hutetemeka, hushikwa na degedege na anaweza kufa. Hata kumlamba mbwa aliyetoka kupakwa dawa hiyo ni hatari. Soma kibandiko kwanza. Kama dawa ni ya mbwa, usimpake paka hata tone moja.