Nafasi ya Kimkakati: Ferrari, Aston Martin na Chai ya Rungwe

Katika uchambuzi wa biashara, nafasi ya kimkakati ni mahali ambapo kampuni imesimama ikilinganishwa na washindani wake, wateja wake na wale wanaoiuzia malighafi, na kipimo chake kikuu ni uwezo wa kampuni hiyo kujipangia bei na kuilinda kwa miaka mingi. Mwaka 1979 Michael Porter, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza kwamba kila sekta hubanwa na nguvu tano: ushindani wa waliomo sokoni, tishio la wanaotaka kuingia, bidhaa mbadala, yaani zile zinazokidhi haja ileile kwa njia nyingine, nguvu ya wanunuzi, na nguvu ya wauzaji wa malighafi.

Watengenezaji wa magari ya kifahari hutumika mara nyingi kufundishia nadharia hiyo, kwa kuwa kwao mambo huonekana waziwazi. Mwaka 2023 Ferrari ya Italia iliuza magari 13,663 tu, ilhali Toyota huuza takriban milioni kumi kwa mwaka, na uchache huo ni wa makusudi: kanuni inayonasibishwa na mwasisi wake, Enzo Ferrari, ni kutengeneza gari moja pungufu ya yale ambayo soko linayahitaji. Mteja huweka oda na kungoja zaidi ya mwaka, na baadhi ya matoleo huuziwa wale tu ambao tayari wanamiliki Ferrari nyingine, hivyo nguvu ya mnunuzi inakaribia kutoweka. Wachambuzi huuita mkakati huu utofautishaji uliojikita, maana yake ni kutoa kitu kisicho na mfano wake kwa kundi dogo la watu wanaokubali kukilipia.

Aston Martin ya Uingereza, iliyoasisiwa mwaka 1913, inaonyesha upande wa pili. Iliingia katika Soko la Hisa la London Oktoba 2018, lakini baada ya muda mfupi magari yasiyonunuliwa yalirundikana kwa mawakala, punguzo la bei likafuata na hisa zikaporomoka, hadi mwaka 2020 kundi la wawekezaji lililoongozwa na Lawrence Stroll lilipoiokoa na uzalishaji ukapunguzwa ili shehena hiyo iishe kwanza. Uzuri wa magari haukuwa umepungua hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba sasa muuzaji ndiye aliyekuwa akimngoja mnunuzi.

Kwa msomaji wa Kinyala au kata nyingine yoyote ya Wilaya ya Rungwe, kigezo hicho cha nani anamngoja nani kinafaa zaidi kuliko jedwali la uwezo, udhaifu, fursa na vitisho linalopendwa katika semina, ambalo hujazwa kwa urahisi na kusahaulika kwa urahisi uleule. Uwezo wa Rungwe katika chai haubishaniwi: udongo wa volkano, mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu nyingi, na historia inayoanzia Kyimbila mwaka 1904. Hata hivyo, jani likishachumwa huanza kubadilika, na lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo. Lisipochumwa kwa wakati hukomaa likakataliwa kwenye mizani. Mkulima hawezi kulizuia akisubiri bei nzuri, viwanda vinavyofikika ni vichache, kama vile Katumba na Mwakaleli, na mchai uliomchukua miaka kadhaa kuustawisha haung'olewi kwa hasira ya msimu mmoja. Hali hii ya mwisho huitwa gharama ya kuhama, nayo humfunga mzalishaji kwa mnunuzi wake.

Kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, ambayo aghalabu huchanganywa na chai ya nchi nyingine na kuuzwa kwa jina la mfungashaji, kwa hiyo utofautishaji hupotea njiani. Wakulima wadogo walijaribu kuliziba pengo hilo kati ya shamba na kiwanda kupitia chama chao, RSTGA, kilichopata hisa katika kampuni ya Wakulima Tea. Hali ya mzalishaji kumiliki sehemu ya hatua inayofuata ya uzalishaji huitwa muungano wa wima. Mnada wa chai uliozinduliwa Dar es Salaam Novemba 2023 nao ulilenga kupunguza utegemezi kwa mnada wa Mombasa, ingawa unamsaidia zaidi mwenye chai kavu kuliko mwenye kikapu shambani.

Parachichi la Hass, ambalo pia hulimwa Rungwe, lina hesabu tofauti, kwa sababu likishakomaa huweza kubaki mtini kwa majuma kadhaa bila kuiva, na mkulima hupata fursa ya kungoja ambayo chai haimpi. Lakini kizuizi cha kuingia ni kidogo: Njombe na Iringa zimepanda kwa wingi, hasa baada ya masoko ya India na Afrika Kusini kufunguliwa mwaka 2021, na madalali wanaochuma matunda machanga huharibu sifa ya eneo zima. Nchini Kenya, mamlaka ya kilimo hulidhibiti tatizo hilo kwa kusimamisha usafirishaji wa parachichi kwa meli kwa miezi michache, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa mwaka, hadi matunda yanapothibitishwa kuwa yamekomaa.