Unene wa chuma si kinga ya moto migodini

Na Mwandishi Wetu, Geita

NI rahisi kudhani kuwa chuma kinene ndicho kinachodumu zaidi katika mitambo ya kuchenjulia dhahabu. Penye moto mkali, hata hivyo, kinachoamua ni elementi zilizochanganywa ndani ya chuma hicho.

Katika migodi mikubwa kama ule wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, dhahabu iliyoyeyushwa kwa sianidi hunaswa na mkaa maalumu. Mkaa huo ukishavuliwa dhahabu, hurudishiwa nguvu ndani ya tanuru lenye joto la nyuzi 650 hadi 750 za Sentigredi.

Chuma cha kawaida hakihimili hali hiyo kwa muda mrefu. Joto likipita nyuzi 570 hivi, kutu huongezeka kwa kasi na kubanduka kama magamba. Kuongeza unene ni kuahirisha tatizo tu.

Kinga ya kwanza ni kromiamu. Ikifikia asilimia 10.5, huungana na oksijeni na kutandaza utando mwembamba unaokinga chuma. Kwa joto la tanuru, kwa kawaida huhitajika asilimia 18 hadi 25. Silikoni kidogo huimarisha utando huo, na nikeli husaidia usibanduke chuma kinapopoa.

Lakini nikeli ina adui, naye ni salfa, iwe imetoka katika mafuta ya kuwashia tanuru au katika miamba kama ile ya Bulyanhulu, mkoani Shinyanga. Penye hewa haba, viwili hivyo hufanya mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 640 hivi, na chuma huliwa upesi. Hapo hufaa zaidi chuma chenye kromiamu nyingi na nikeli kidogo.

Kaboni nayo, kati ya nyuzi 425 na 860, hupora kromiamu, hasa kwenye mishono iliyochomelewa. Dawa yake ni chuma chenye kaboni kidogo sana, au kilichotiwa titani.

Kupima kwa sumaku hakutoshi, kwani hata chuma chenye manganizi nyingi badala ya nikeli huweza kutonaswa. Mnunuzi hana budi kudai cheti cha kiwandani kinachoonyesha kiasi cha kila elementi.

Tanuru likitoboka, mkaa mwekundu huweza kummwagikia mfanyakazi. Likisimama, mkaa uliochoka hushindwa kunasa dhahabu, nayo huondoka na marudio.