Msomi wa tabianchi na bonde la mpunga

Bonde likishaingiwa na maji ya chumvi, mkulima wa Pemba hahitaji kipimo cha maabara. Mpunga unadumaa, ncha za majani zinaungua, na jua likipiga udongo unabaki na ukoko mweupe juu. Misimu michache baadaye huota magugu ya pwani palipokuwa na mpunga, na mwenye bonde anatafuta pengine pa kulima. Kisiwa hiki ni cha vilima, na katikati ya vilima ndimo yalimo mabonde, mengi yao yakiishia kwenye mikoko. Bamvua likikutana na upepo mkali, bahari ina njia ya kuingia.

Kijana aliyekulia kando ya bonde kama hilo, Micheweni au Mkoani, akienda chuo kikuu kusomea mabadiliko ya tabianchi hukuta somo limekatwa mapande mawili. Kuna kuhimili, yaani kuishi na joto, ukame na bahari inayopanda. Na kuna kupunguza, yaani kuzuia gesi zinazoipasha dunia joto. Mgawanyo huo ulizaliwa kwenye mikutano ya mataifa. Huku Pemba unapwaya. Mkoko ulio mbele ya bonde huvunja nguvu ya mawimbi na papo hapo huhifadhi kaboni kwenye tope lake. Mwanafunzi auandike pande lipi?

Lakini mgawanyo huo ndio umeamua fedha ziende wapi. Mwaka 2008 Norwei iliahidi kuipa Tanzania krona milioni 500 kwa kazi za misitu na tabianchi. Sehemu ya fedha hizo ilizaa mpango wa utafiti wa CCIAM, ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na kuwasomesha wengi shahada za uzamili na uzamivu. Sehemu nyengine ilikuja Unguja na Pemba kwa mradi wa HIMA, wanavijiji wakafundishwa kupima miti yao ili kaboni ikadiriwe. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba nchi iliyotajirika kwa mafuta ilikuwa na hamu kubwa zaidi na kaboni iliyomo kwenye miti yetu kuliko chumvi iliyomo kwenye mpunga wetu, na vijana hufuata mada zenye ufadhili.

Isitoshe, kupunguza kumeshafanyika hapa bila kuitwa hivyo. Hadi 2010 umeme wa Pemba ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya Wesha. Mwaka huo ukalazwa waya chini ya bahari kutoka mkoa wa Tanga, nao kwa msaada wa Norwei hiyo hiyo. Watu walishangilia kwa sababu taa zilizokuwa haziwaki sasa zingewaka. Hakuna aliyezungumzia gesijoto.

Panapohitaji wasomi kwa kweli ni kwenye mwani. Kilimo hiki kilianza Zanzibar mwaka 1989, na sehemu kubwa ya mavuno leo inatoka Pemba. Kuna aina mbili: spinosamu, iliyo ngumu lakini bei yake ndogo, na kotonii, inayolipa zaidi lakini haivumilii joto. Maji yakipwa mchana wa kaskazi, yale yanayobaki kwenye kina kifupi hupata moto. Matawi ya kotonii hupauka, hulainika, kisha hukatika kutoka kwenye kamba. Aliyefunga kamba zake wiki nzima anarudi kukuta vikamba vitupu.

Dawa yake inajulikana: sogeza kilimo kwenye kina kirefu, ambako maji yana ubaridi. Dk. Flower Msuya, mtafiti aliyefanya kazi miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, amejaribu nyavu za mfano wa bomba kwa ajili hiyo hiyo. Ila wakulima wa mwani wengi ni wanawake, na wengi wao hawajui kuogelea wala hawana chombo. Kwenye kina kifupi mama huenda kwa miguu, na mtoto yuko ufukweni anamwona. Kwenye kina kirefu anahitaji mashua, na mashua ina mwenyewe, aghalabu mwanamume. Hapo swali si la baiolojia tena. Ni la nani anamiliki nini nyumbani, nani anabaki na watoto, na fedha za mavuno zinashikwa na nani. Sijui kozi ngapi za tabianchi zinamfikisha mwanafunzi hapo. Nyingi humwacha kwenye grafu ya joto la maji.

Kisha kuna suala la lugha. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, ikawekwa maktaba ya chuo kikuu, Tunguu au Mlimani, na mkulima aliyejibu dodoso saa nzima akiwa na miguu yenye tope hasikii tena habari zake. Sharti dogo lingetosha: kabla ya kupewa shahada, mwanafunzi arudi kwenye shehia alikokusanya data, aeleze kwa Kiswahili mbele ya sheha na wakulima alichokipata, na maswali watakayomuuliza yachapwe kwenye kiambatisho pamoja na yale aliyoshindwa kuyajibu. Gharama yake ni nauli ya boti na ya daladala.