Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo, si mashetani

Nikiwa darasa la tano, mwenzetu alianguka tukiwa kwenye paredi ya asubuhi. Mwili ulikakamaa, mikono na miguu ikaanza kurukaruka, povu likamtoka mdomoni. Tulikimbia. Mmoja wa wanafunzi wakubwa alipiga kelele kwamba atakayeligusa lile povu naye ataanguka. Yule msichana alilala juani peke yake mpaka alipozinduka, akajikung'uta vumbi na kutuangalia. Baada ya wiki ile hakurudi tena shuleni.

Leo najua kuwa hakuna ambaye angeambukizwa chochote. Povu lile lilikuwa mate tu. Kilichotokea kichwani mwake ni jambo la umeme, na mzazi akiuelewa umeme huo atajua pia la kufanya mtoto akianguka mbele yake.

Betri ndogo kichwani

Ubongo wa binadamu una seli za neva takriban bilioni 86, na kila moja ni kama betri ndogo. Nje ya seli kuna sodiamu nyingi, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Ndani kuna potasiamu nyingi, ambayo tunaipata kwenye vyakula kama ndizi. Madini haya hubeba chaji, na kati ya ndani na nje ya seli hujengeka umeme wa takriban milivolti 70. Ni kidogo sana, karibu sehemu moja ya ishirini ya betri ya redio.

Seli inapotuma ujumbe, vijilango kwenye utando wake hufunguka na sodiamu huingia kwa kasi. Umeme wa sehemu hiyo hugeuka kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha vijilango vya jirani hufunguka, na vya jirani yake. Ujumbe husafiri kwenye uzi wa neva kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo ya maji.

Mwisho wa uzi kuna mwanya. Hapo mara nyingi seli humwaga kemikali zinazovuka na kuiamsha seli inayofuata. Kemikali nyingine huiambia seli hiyo itulie. Kutembea, kuongea, hata kukumbuka jina la mwalimu hutegemea mizani kati ya kuamsha na kutuliza.

Mizani inapovurugika

Fikiria uwanja wa mpira kabla ya mechi. Kila mtu anaongea na jirani yake na wanaelewana. Bao likiingia, wote hupiga kelele kwa pamoja na hakuna anayemsikia mwenzake. Wakati wa kifafa, seli nyingi hurusha umeme kwa pamoja namna hiyo. Zikiwa zile zinazoongoza misuli, mwili hurukaruka.

Si kila mtoto huanguka. Wengine hukodoa macho kwa sekunde chache, kijiko kikiwa mkononi, kisha huendelea kula kama hakuna kilichotokea. Darasani huitwa wavivu au wenye kuota mchana.

Vyanzo ni vingi: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, jeraha la kichwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, mabuu ya tegu wa nguruwe, au urithi. Wapo pia ambao chanzo chao hakipatikani.

Degedege linalotokana na homa kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano ni jambo jingine, na wengi wao hawapati kifafa baadaye. Hata hivyo mtoto apelekwe hospitali haraka, kwa sababu homa hiyo inaweza kuwa ya malaria au uti wa mgongo.

Mtoto akianguka

Angalia saa. Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, weka nguo laini chini ya kichwa, legeza kola, kisha mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimkandamize, kwani nguvu zako haziwezi kuzima umeme ulio kichwani. Usimwekee kijiko wala kidole mdomoni: ulimi haumezwi, lakini meno huvunjika. Usimpe maji wala dawa ya kumeza mpaka azinduke kabisa. Kaa naye.

Akipitisha dakika tano, akianguka tena kabla ya kuzinduka, akiumia, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, mkimbize hospitali. Kama kuna mtu wa pili, achukue video kwa simu. Daktari hutegemea sana maelezo ya namna mtoto alivyoanguka.

Kipo pia kipimo cha EEG, kinachosoma umeme wa ubongo kupitia vidude vinavyobandikwa kichwani. Daktari Mjerumani Hans Berger alikuwa wa kwanza kuurekodi umeme huo kwa binadamu, mwaka 1924. Hakiumi. Lakini kinaweza kuonyesha hali ya kawaida ikiwa mtoto hajaanguka wakati huo, kwa hiyo majibu mazuri si sababu ya kuacha kliniki.

Dawa hutuliza umeme

Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Baadhi ya dawa huzuia vijilango vya sodiamu visifunguke ovyo, nyingine huongeza nguvu ya kemikali za kutuliza. Zinafanya kazi zikiwa mwilini kila siku. Mzazi anayeziacha ghafla kwa kuwa mtoto "amepona" anaweza kumletea kifafa kikali kisichokoma. Kupunguza au kuacha dawa ni uamuzi wa daktari.

Mtoto wako akiwa na kifafa, mweleze mwalimu wake. Na kama hana, mfundishe namna ya kumlaza mwenzake ubavu na kubaki naye. Sisi hatukufundishwa, ndiyo maana tulikimbia.