Karafuu au Mpunga: Hesabu ya Kile Tunachokiacha

Mwanachama akiulizwa msimu umemgharimu nini, hutaja ujira wa wachumaji, majamvi na magunia. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini haikutimia. Imesahau mikono ya watu wa nyumbani, ambayo hudhaniwa ni bure kwa kuwa hailipwi. Gharama ya mikono hiyo ni ile kazi ambayo ingeifanya mahali pengine.

Tuchukue mfano. Nyumba ina watu 4. Karafuu zimeiva, nazo hazingoji: zikichanua, thamani yake huanguka. Huko bondeni mpunga umekauka, na ndege wanaushukia. Wote 4 wakichuma, jioni hupatikana pishi 20 za karafuu mbichi. Wakichuma 3 hupatikana 18. Wakichuma 2, 14. Akichuma 1, 8. Sababu ni kuwa wa kwanza hushika matawi yaliyojaa, na wa mwisho hubakiwa na yaliyo haba. Mpunga nao ni vivyo hivyo: mvunaji 1 huleta pishi 6, wawili 11, watatu 14, wanne 15.

Basi mtu wa kwanza kushuka bondeni hupoteza pishi 2 za karafuu, huleta 6 za mpunga. Wa pili hupoteza 4, huleta 5. Wa tatu hupoteza 6, huleta 3 tu. Ikiwa pishi ya karafuu mbichi na pishi ya mpunga zina thamani moja, wawili waende bondeni na wawili wabaki mikarafuuni. Bei ya karafuu ikipanda mara mbili, yule wa pili arudi kuchuma, kwani atakuwa anaacha thamani ya pishi 8 za mpunga ili alete 5.

Tena, mpunga usiupime kwa bei ya siku ya mavuno, bali kwa bei utakayolipa dukani ghala likiwa tupu.

Ardhi nayo ni hivyo hivyo. Pengo la mkarafuu uliokufa likipandwa muhogo, chakula hupatikana upesi. Mche wa mkarafuu hungojewa miaka 6 au zaidi, kisha huzaa miaka mingi. Hapa si lazima kuacha kimoja: muhogo ukipandwa kando ya mche huupa kivuli.

Kabla ya msimu, ndugu mwanachama, andika safu mbili: nitakachopata, na nitakachoacha. Ndipo uwagawe watu wako.