Homa ya Bonde la Ufa: Kirusi kinachotuma mtu wake hadi ndani ya kiini

Kama umewahi kufika soko la mifugo la Garissa, unajua pesa ya kaunti inapumulia pale: ngamia, ng'ombe, mbuzi, kelele, vumbi. Sasa hebu fikiria soko limefungwa na kuchinja kumepigwa marufuku. Ndivyo mambo yalivyokuwa 2007, Homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka baada ya mafuriko ya mwisho wa 2006. Kenya nzima waliougua walihesabiwa 684, na 155 wakafariki. Wafugaji Wasomali huuita sandik, kwa sababu ya ile damu ya puani.

Habari ya mbu ushaisikia. Mayai hulala udongoni miaka, mvua kubwa ikija yanaanguliwa. Ila kuna stori nyingine, ndogo kuliko mbu, na mimi niliyeacha chuo njiani ndiyo inaninyima usingizi.

Kila seli yako ina kiini, DNA inakaa humo. Ukuta wa kiini una vitundu tele. Kila kitundu kimejengwa kwa protini za aina kama 30, na katikati zinaning'inia nyuzi za protini, mithili ya pazia la mlangoni. Kitu kidogo kinajipenyeza tu. Kikubwa lazima kibebwe na protini kama importini, ambayo hugusa uzi, ikaachia, ikagusa mwingine, hadi ng'ambo. Mguso wenyewe ni mwepesi mno. Ungekuwa wa kung'ang'ania, si mlango ungeziba?

Sasa ajabu: kirusi hiki huzaliana nje ya kiini. Ndani hakina shughuli. Lakini hutuma humo protini yake moja, NSs. Ikishaingia hujipanga kuwa nyuzi ndefu, hushika protini yetu iitwayo SAP30, na jeni ya interferoni inabaki imezimwa. Interferoni ndiyo firimbi ya seli kuwaambia majirani kuna mvamizi. Isipolia, we jua kirusi kinajimwaga.

Ushahidi upo. Clone 13, iliyotoka kwa mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 1974, imepoteza sehemu kubwa ya jeni ya NSs. Imekuwa dhaifu hadi Afrika Kusini wakaifanya chanjo ya mifugo. Chanjo ya zamani, Smithburn, inaweza kuharibu mimba ya mnyama. Kwa hivyo mfugaji wa Ijara akikataa sindano hiyo isiguse kondoo wake wenye mimba, usimcheke, buda.